Kocha Aliyekataza Maji

Haya nayaandika kwa ajili yenu, vijana mnaojifunga makavera, ile mifuko ya plastiki, tumboni na kukimbia kwenye jua la saa saba, nyinyi mnaotembea na kopo la kutemea mate kana kwamba mmebeba maziwa ya mtoto. Mkiulizwa mnajibu, "Ndiyo desturi ya ndondi." Mjukuu wangu Akello naye alikuwa akijibu hivyo. Ana miaka kumi na tisa, na mbele ya nesi alikojoa mkojo wa rangi ya chai iliyolala kwenye birika. Figo zake zilikuwa zinazima. Mungu amezirudisha, si zote, na tangu apate nguvu ya kusimama amekuwa akiniambia anataka kurudi kule kule, kwa mtu yule yule. Basi nitawaambia huyo mtu ni nani, mjue mnafuata nini.

Jina lake silitaji. Katwe yote, mtaa wetu huu wa Kampala, inamwita Kocha, na mimi nimemwita hivyo kwa miaka mingi kuliko ile niliyokaa na marehemu mume wangu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo yatasomwa siku ya kumzika. Mimi nitasema niliyoyaona kutoka nyuma ya sufuria yangu.

Nauza molokoni. Ni supu ya kwato za ng'ombe, inachemka tangu alfajiri mpaka mishipa inalainika na mchuzi unashika midomo kama gundi. Kibanda changu kiko katikati ya mafundi chuma. Kushoto wanachomelea milango, kulia wanagonga majiko ya mkaa, na nyuma yangu kuna banda la mabati lililokuwa ghala la vyuma chakavu. Hapo ndipo Kocha alipoweka jimu yake ya ndondi. Kati ya supu yangu na jimu yake ni bati moja, tena limetoboka. Nilisikia kila ngumi na kila kikohozi. Harufu nayo ilipita. Siku za joto ilinibidi niongeze kitunguu na tangawizi si kwa ajili ya ladha bali kwa ajili ya jimu.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Fundi alilikunja ukingo lisikate midomo, likatobolewa na kutiwa kamba ya kubebea. Kila bondia wake alikuwa na la kwake, na Kocha alikuwa na la kwake. Alikuwa anakuja kwenye benchi langu, anakaa, analiweka katikati ya miguu, na katikati ya maneno anainama: tfu. Halafu anaendelea na hadithi.

"Kocha, hilo kopo liweke nje."

"Mama, haya ni maji ya vita."

"Vita vikae nje. Humu ndani watu wanakula."

Analitoa nje mwenyewe, kwa heshima, kama mtu anayevua viatu msikitini. Kesho yake analeta tena. Miaka yote hiyo, kila siku nilimwambia, na kila siku alitii, na kila siku alisahau.

Hadithi zake zilikuwa za namna moja: kitu fulani kilianzia wapi. Umpe chapati, atakuambia chapati ilifikaje Kampala. Umpe chumvi, atakuambia ni mfalme gani aliyeiramba kwanza. Kuna kikomando, kile chakula cha chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage. Mji huu hauna mtu asiyekila, wala hauna mtu ajuaye kilikoanzia. Mume wangu alikuwa askari, na aliapa kuwa kilitoka kambini Makindye. Muuza chapati wa Kansanga aliniambia kilitoka kwa wanafunzi. Mimi naona kilitoka kwenye njaa. Lakini Kocha alisema kilitoka kwake. Mabondia wake walikuwa wamefungwa bandeji mikononi, hawawezi kumega chapati, basi yeye akawakatia.

"Uliwakatia kwa kisu gani?" nilimuuliza.

"Kisu cha nini? Kwa mkasi huu."

Akautoa mfukoni. Ulikuwa mkasi wa kukatia bandeji. Ule ule anaoingiza kwenye vitambaa vilivyoshikana na jasho na damu, umeota kutu kwenye msumari wake, na kwenye meno yake kulikuwa na uzi wa bandeji umekauka. Aliuonyesha kwa fahari, akaufungua na kuufunga mara mbili. Sikugusa kikomando mwaka mzima.

Nilijua ni mwongo tangu mwanzo, na sitaki mtu aseme nilidanganywa. Kulikuwa na masika moja kuni zangu zote zililoa. Kwato zililala chini lundo zima, na manyoya yake na kinyesi katikati ya vidole, na nzi walishafika. Wenzangu wengine wanachoma manyoya kwa tairi la gari, na supu yao inanuka barabara. Mimi tairi sijawahi. Nilikaa pale sijui la kufanya, mpaka fundi wa milango aliponiona. Alikuwa na njaa. Akaburuta mtungi wake wa gesi, akawasha ule moto wa kuchomelea chuma, akaupitisha juu ya kwato moja baada ya nyingine. Kazi ya saa nzima ikaisha kabla sijamaliza kufunga leso. Kocha alikuwapo. Alikula bakuli mbili.

Miezi michache baadaye nikamsikia nyuma ya bati akiwaambia wageni wake: "Supu ya hapa inachomwa kwa gesi tangu enzi za wazee. Moto unaounga chuma ndio unaounga mifupa. Mabondia wa zamani wa Katwe walianza wao, huyo mama amekuja juzi tu."

Nilizunguka bati na mwiko mkononi. "Kocha, wewe hukuniona siku ya kuni mbichi?"

Hakushtuka. "Mama, kuni mbichi hazileti wateja."

Na wateja walikuja. Wakashuka kutoka Makindye, wakatoka Kansanga, wanauliza supu ya gesi, supu ya kuunga mifupa. Mimi nikawapakulia, nikanyamaza. Siku hizi nusu ya wapishi wa kwato wa upande huu wanachoma kwa gesi. Mmoja wao, mwanamke mdogo kuliko binti yangu, alisimama akaniangalia nikifanya kazi, akatikisa kichwa: "Nyabo, mama yangu, unakosea. Desturi inasema uanzie kisigino." Nilimeza mate yangu machungu. Lakini nilijua pia kwamba nilipokuwa na nafasi ya kusema ukweli nilikuwa na sufuria iliyojaa.

Ndani ya jimu kila kitu kilikuwa na desturi, na kila desturi ilikuwa na hadithi, na nyingi zilinuka. Mgeni anafua bandeji za wakubwa wiki ya kwanza, bila sabuni, ili jasho la bingwa lisipotee. Sponji ni moja kwa watu wote na ndoo ni moja, na ukiitazama ile ndoo jioni utadhani wameogeshea mbwa. Siku ya pambano hakuna kufagia. Mayai mabichi yanakorogwa kwenye mtindi, na ganda likianguka linaachwa humo, kwa sababu ati ganda ndilo mfupa wa yai. Mwanamke haruki juu ya glavu, nguvu zitaisha. Hiyo ya mwisho ilidumu mpaka siku Akello wangu alipoingia jimu na kuruka juu ya glavu bila kujua. Vijana waliangalia glavu, wakamwangalia Kocha. Kocha akakuna kidevu, akasema mwanamke akiruka juu ya glavu anaziachia nguvu za kuzaa, na wazee walikuwa wakiwatafuta wanawake makusudi waje waruke. Desturi ya mababu iligeuka kati ya chai na chakula cha mchana. Kesho yake vijana walikuwa wakimwomba Akello aruke tena.

Alikuwa na misemo. "Mwili ni bati, ugonge ungali moto." "Anayeuliza sana ameshapigwa raundi ya kwanza." Na ule niliousikia kupitia lile tundu mpaka nikauota: "Kiu ndiyo kocha, mimi ni msaidizi wake."

Sasa, msiniwekee maneno kinywani. Mtu huyu hakuwa mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu mbaya ningemfukuza mapema. Katwe ikifurika, maji ya mtaro yanapanda na kila kitu ambacho watu wametupa au wametoa tumboni. Siku moja ya namna hiyo kijana wake alipasuka juu ya jicho, na boda zote zilikuwa zimekimbilia juu. Kocha alimbeba mgongoni, akaingia kwenye yale maji mpaka mapajani, akavuka naye hadi kliniki. Alisimama mlangoni mpaka kijana akashonwa. Alirudi ananuka nisivyoweza kuandika, akakataa bakuli langu kwa sababu vijana wengine walikuwa hawajala. Hakuwahi kula kabla ya bondia wa mwisho. Suti yake ya michezo aliipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, mpaka mstari wa suruali ungekukata. Mtu anayetembea na kopo la mate, na mstari wa suruali umenyooka. Mume wangu alipofariki alichimba kaburi kwa mikono yake, hakuhutubia, hakutunga hadithi, alichimba tu.

Na alichowakataza vijana alijikataza mwenyewe. Mwongo wa kawaida anajua alikouficha ukweli. Huyu aliishi ndani ya uongo wake kama mpangaji, akalipa kodi yake kila siku kwa koo lake. Ndiyo maana nilimwamini kwenye lile jambo moja ambalo sikupaswa.

Jambo lenyewe lilikuwa maji. Kwenye jimu ya Kocha mtu akishavuka mlango hanywi mpaka mazoezi yaishe na jua lizame. Anasukutua, anatema koponi. Pambano likikaribia, anakauka siku mbili nzima kabla ya kupimwa uzito, na anatema mpaka hana cha kutema. Kocha alikuwa akipita jioni, anainamisha kila kopo kwenye mwanga na kusoma kilichomo. Nilimwona kwa macho yangu. "Angalia, zito, linavutika. Huyu yuko tayari." Na mwenye kopo anacheka kwa furaha kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilikuwa nikigeuka upande wa pili nisitapike kwenye supu. Lakini sikusema kitu. Vijana wake walikuwa wanashinda. Jimu za mitaa mingine nazo zikaiga, na makopo ya maziwa ya unga yakawa adimu.

Akello alianza kuchungulia kwenye tundu la bati akiwa na miaka kumi na sita, anakuja kusaidia kuosha bakuli na haoshi. Akavuka, akaingia jimu. Miaka mitatu Kocha alimfundisha kama mwanawe. Likaja pambano ambalo ilibidi apunguze kilo nyingi. Alijifunga kavera chini ya suti, akakimbia kutoka Katwe kupanda Makindye, akashuka Kansanga, akarudi. Jioni ya kwanza alirudi nyumbani, tunakaa karibu na kambi, akasimama mbele ya birika. Midomo ilikuwa imepasuka, na pembeni kulikuwa na povu jeupe lililokauka.

"Jaja, nipe hata funda moja."

"Kocha amesema nini?"

"Mpaka nipimwe."

"Basi."

Nikalichukua birika nikalifungia kabatini, na ufunguo nikaufunga kwenye leso. Mama yake, binti yangu, akaanza kulia. Nikamwambia machozi nayo ni maji, ayaweke. Nilisema hivyo. Nilijiona jaja wa kweli, bibi imara, anayejua kulea bingwa.

Siku ya kupimwa, mizani ilimkubali. Akaja kwenye kibanda changu, kwa sababu desturi inasema kitu cha kwanza kugusa ulimi baada ya mizani ni molokoni ya moto, yenye chumvi nyingi. Hiyo nayo nani aliianzisha? Kocha aliwaambia ni wazee, na kwa kuwa sufuria yangu ilinufaika, nami nikakubali kuwa ni wazee. Akello alikunywa vijiko vitatu. Vikarudi vyote. Akaanguka kwenye vyuma chakavu, miguu ikakakamaa kama ya kuku aliyechinjwa. Fundi wa milango alimwaga vyuma kutoka kwenye toroli lake, tukamlaza humo, tukalisukuma mpaka barabarani tukapata gari.

Hospitalini nesi alikuwa kijana, sauti yake ya chini.

"Jaja, huyu hajanywa maji siku ngapi?"

"Mbili."

"Alikuwa safarini?"

"Hapana. Alikuwa nyumbani."

"Nyumbani maji yalikatika?"

Nikapapasa kiuno. Ufunguo ulikuwa bado kwenye leso yangu.

"Nani alimkataza?"

"Ni desturi," nikasema.

"Desturi ya nani?"

Alikuwa anauliza kweli, na kalamu mkononi, ili aandike. Nilitoka nje nikatema mate kwenye mtaro kama mmoja wao.

Akello alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, miguu imevimba. Daktari alisema akikaushwa tena hivyo, nisimpeleke tena kwake, nimpeleke moja kwa moja kwa padri. Kocha alituma trei ya mayai. Hakuja mwenyewe. Mimi nilidhani mambo yameisha, mpaka siku nilipomkuta Akello uani anaosha kopo lake kwa majivu.

"Hilo la nini?"

"Jaja, nafasi yangu watampa mwingine."

"Na figo yako utampa mwingine?"

"Mabingwa wote walipita hapo. Mimi nilikosea tu, nilikimbia sana siku ya pili. Kocha atanipangia vizuri."

Alisema kwa utulivu. Angelia ningejua la kufanya. Nikafunga leso nikashuka Kansanga.

Kocha anaishi nyuma ya baa, chumba kimoja, mlango unatazama kreti za chupa. Ilikuwa mchana. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu imejaa maji kama miguu ya mjukuu wangu, midomo imekauka mpaka imekuwa na magamba. Suti yake iliyopigwa pasi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Kopo lilikuwa chini ya kitanda na chumba kizima kilinuka kopo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikaziba pua kwa ncha ya leso, sikuficha.

"Kocha, nani aliyekataza maji?"

Akaanza mara moja, hata hakuvuta pumzi. "Mama, zamani kulikuwa na mabondia wa jeshini, walikuwa wakivuka nchi kavu siku saba..."

"Kocha. Mimi nilikuwa na kuni mbichi. Wewe ulikuwa na nini?"

Kwenye baa mtu aliburuta meza. Kocha akaangalia mikono yake, akaigeuza.

"Bomba," akasema. "Lile bomba letu na mafundi. Mwenye banda aligombana na mimi, alisema vijana wananyea uani. Akalikata. Mama, nilikuwa na vijana thelathini, ndiyo kwanza wiki ya pili. Niliwaambia nawaleta kwenye jimu ya maana. Wamemaliza mazoezi, ndimi nje, wote wananiangalia mimi. Sina maji. Hata jerikeni sina."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mabingwa hawanywi." Akalamba midomo. "Wakarudisha ndimi ndani. Waliniheshimu siku ile kuliko siku zote."

"Bomba lilirudi lini?"

"Baada ya kama wiki mbili."

"Ukawaambia?"

"Mmoja alikuwa ameshinda Jumamosi."

"Kwa sababu ya kiu?"

"Yeye mwenyewe alisema ni kiu. Ningembishia bingwa?"

"Na kutema mate?"

Akaona haya. Ndiyo mara ya kwanza kumwona Kocha akiona haya. "Walihitaji kitu cha kufanya na midomo yao, Mama. Nikaokota kopo."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kuoga. Wasichana na wavulana wa miaka yote hiyo, makopo yote hayo yakiinamishwa kwenye mwanga, kwa sababu mwanamume mzima alishindwa kusema, "Leo hakuna maji, tukaombe kwa jirani." Na jirani nilikuwa mimi. Nina mapipa mawili.

Kulikuwa na jagi mezani. Nikammiminia kikombe, nikampa. Alikishika, akaangalia mlangoni.

"Nani anakuona hapa?"

"Wewe."

Akakirudisha mezani kimejaa.

"Jumamosi utakuja kwangu," nikamwambia, "uwaambie hayo maneno, Akello akiwa amekaa hapo."

"Watanidharau."

"Mimi nimeshakudharau na bado umekaa. Haiui. Kiu ndiyo inaua."

Jumamosi alikuja. Alishuka kwenye boda taratibu, suti imenyooka. Mabondia wake kama kumi walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi yangu wakisubiri supu, mmoja alipimwa asubuhi ile na macho yake yalikuwa yameingia ndani. Akello alikaa mwisho wa benchi na kopo lake mapajani. Alikuja kuomba nafasi yake. Kocha hakukaa. Aliniomba kikombe cha maji, kwa sauti, nikampa.

"Nataka kuwaambia," akasema. "Hii ya kutokunywa, nilianzisha mimi. Bomba lilikatwa, nikaona aibu. Hakuna wazee. Hakuna mabingwa wa zamani. Ni bomba." Halafu akanywa. Aliyanywa yote mbele yao, na kwa kuwa koo lilishasahau, mengine yalishuka kidevuni mpaka kwenye suti. Vijana waligeuza nyuso kama watu waliomwona baba yao bila nguo.

Kisha yule mrefu wao, anayejifanya nahodha, akatabasamu.

"Kocha anatupima."

Wengine wakaanza kutikisa vichwa. "Eh, anataka kuona nani mlaini."

"Mzee ana akili huyu," mwingine akasema. "Anakunywa mbele yetu makusudi."

"Siwapimi," Kocha akasema. "Bomba lilikatwa."

"Sawa, Kocha," yule mrefu akajibu, kwa sauti ya kumliwaza mgonjwa, akachukua kopo lake akatema. Na yule aliyepimwa asubuhi akajitahidi kutema, hakutoka kitu, akajitahidi tena. Wakafuata wengine, tfu, tfu, mbele ya bakuli zangu, huku wanamwangalia mzee kwa mapenzi.

Kocha akanigeukia. Kidevu kilikuwa bado kimelowa. "Umeona, Mama? Si yangu tena."

Akello hakutema. Wala hakunywa. Alikuwa anakitazama kile kikombe kitupu mkononi mwa Kocha, na kidole chake kilikuwa kinazunguka ukingo wa kopo, kinazunguka. Sikungoja kuona kitaamua nini. Niliweka mwiko chini. Nikawaita binti yangu na wifi yangu ninaopika nao, na Akello nikamwambia asimame pamoja nao, kwa sababu alikuwa wa nyumba yangu kabla ya kuwa wa jimu ya mtu. Nikasema na wote wasikie:

"Kuanzia leo, hakuna bakuli la supu litakalotoka kwenye kibanda hiki kwenda kwa mtu wa jimu mpaka amalize kikombe cha maji mbele ya macho yenu, na ameze, asiteme. Wakisusa, wasuse. Supu ilale, ichache, tuimwage. Akello, wewe ndiye utakayewamiminia kila siku, na utaanza na chako, sasa hivi, mimi nakuangalia. Na siku mtu akiwauliza desturi hii ilitoka wapi, msimtungie wazee wala mabingwa. Mwambieni Jaja alikosea. Haya, leteni vikombe."